Mashamba ya Kando ya Barabara

Kindu, Jumatano alasiri

Yuma mwanangu, wewe uliyebeba jina la baba yangu,

Nakuandikia ukiwa umekwenda ng'ambo ya mto kuuliza kama gari la Punia litaondoka kweli kesho, au kama yule mfanyabiashara wa Butembo atasubiri mafuta tena. Nina saa mbili hivi za kuwa peke yangu nyumbani. Mashati yako nimekwisha kuyakunja. Habari za vidonge vya malaria, za kuchemsha maji, za kujifunga vizuri juu ya mizigo barabara ikiharibika, nitakuambia kwa mdomo, nawe utaitikia "ndiyo, Mama" huku ukiangalia mlango. Hapa naandika jambo ambalo mdomo umelishindwa kwa miaka yote uliyo nayo.

Jumatatu ya juma lililopita, tulipokuwa tunakula, ulitoa karatasi yako ya kuajiriwa na kuisoma kwa sauti: monitere wa kilimo, Punia. Nilipiga makofi, na makofi yale yalitoka moyoni. Halafu ukaweka karatasi kando ya sahani ukasema, "Shida ya inchi hii ni wakulima yenyewe, Mama. Ni wavivu. Unawapa mbegu, wanakula. Unawaonyesha mustari, wanacheka. Mimi nitawaandika wote mu kaye. Mwenye hana shamba, kasho!" Uliyasema ukicheka, nami nikainuka nikaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Tangu siku ile sijatulia. Sikusudii kubishana nawe juu ya kilimo. Umesoma miaka minne mambo ambayo mimi siyajui hata majina yake. Nataka tu ujue habari za mwanamke mmoja aliyefungwa katika kasho kwa kosa la kutokuwa na shamba, katika mwaka ambao shamba lake lilikuwa zuri kuliko yote kijijini. Mwanamke huyo ni Koko yako, mama yangu. Na aliyeandika jina lake katika kaye, lile daftari la majina, ni mimi.

Unajua kwamba nilisoma kwa masista. Hujui jinsi nilivyopenda kusoma. Hati yangu ilikuwa ikionyeshwa kwa wengine. Sista alikuwa akishika daftari langu juu na kusema, tazameni, hakuna doa. Niliamini kwamba mtu akiandika vizuri, na akisema kweli, na akipanga mambo yake kwa mistari, dunia itampokea. Nilikuwa katika mwaka wa nne wa sekondari walipogundua kwamba nina mimba yako. Sista hakunigombeza. Alinirudishia daftari zangu ndani ya mfuko, akaniongezea penseli mbili mpya, akafunga mlango taratibu. Baba yako wakati ule alikuwa akifanya kazi ya kutia kuni katika treni, na ilichukua muda mrefu mpaka alipokuja kwa Koko kujitambulisha. Basi nilirudi kijijini, barabara ya Kibombo, na huko ukazaliwa.

Koko hakuniuliza lolote. Siku arobaini zilipokwisha alinipa jembe.

"Twende," akasema. "Mutoto atalala kule kule."

Shamba lake lilikuwa nyuma ya kijito, mwendo wa nusu saa kutoka barabarani, mahali ambapo msitu ulikuwa umepumzika tangu kabla mimi sijazaliwa. Alikuwa amekata miti mwezi wa sita, akachoma mwezi wa nane, akapanda mvua za kwanza. Ungeliona shamba lile, wewe na diploma yako, ungelitikisa kichwa. Mpunga ulikuwa kila mahali, lakini katikati yake palikuwa na mahindi juu ya kichuguu, maboga yakizunguka visiki, na miti ya mihogo imechomekwa huku na huku, ili mpunga ukivunwa mihogo ibaki na shamba. Hakuna mstari hata mmoja. Mimi niliyefundishwa jiometria niliona aibu.

Na mpunga wenyewe haukuwa wa aina moja. Alikuwa na aina tatu, na kila moja alikuwa ameipanda mahali pake. Ile ya kwanza waliiita Sitiri. Ilikuwa na punje ndogo, nyekundu kidogo. Wenye mashine za kukoboa hapa Kindu hawakuipenda kwa sababu ilivunjika. Lakini iliiva majuma manne kabla ya nyingine, wakati ghala ni tupu na mihogo mipya haijatoa kitu. Ndiyo iliyowasitiri watu wasionekane wakiomba. Wanawake waliivuna suke kwa suke, kwa kisu kidogo cha kiganjani, na masuke mazuri kuliko yote waliyafunga mafungu wakayatundika juu ya meko, moshi uyalinde na wadudu. Hayo ndiyo yalikuwa mbegu ya mwaka unaofuata. Kwa Koko mafungu yale yalining'inia juu ya vichwa vyetu tulipokuwa tunapika. Sikuyatazama. Niliona masizi tu.

Mwaka ule ndio Serikali ilipotuamuru kuacha majina ya ubatizo na kuitana sitwayene, yaani raia. Mimi niliacha langu bila kulia, kwa kuwa lilikuwa ni jina la msichana aliyefukuzwa, nikawa Feza. Redio ilisema kila asubuhi kwamba kilimo kinatangulia kila kitu. Na siku moja agronomo, bwana shamba wa Serikali, akafika kwa baiskeli, na mnyororo wa kupimia umezungushwa begani.

Hakuwa mtu mbaya, Yuma. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea. Alikuwa kijana mwembamba aliyetoka mbali, viatu vyake vimefungwa kwa kamba ya kitani, naye alikuwa akiwaogopa wakubwa wake kama sisi tulivyomwogopa yeye. Alikusanya kijiji akaeleza: mkubwa wa jimbo atapita kwa gari kutoka Kindu mpaka Kibombo kutazama kilimo. Kila nyumba ilime shamba kando ya barabara, mpunga peke yake, mbegu ya Serikali, kwa mistari. Asiye na shamba barabarani ataandikwa.

Koko ndiye aliyeinua mkono.

"Sitwayene, udongo ya barabara imechoka. Waliotengeneza barabara walimwaga mawe. Hata nyasi inaota pale na haya."

Watu wakacheka. Agronomo akasema, "Mama, shamba yako iko wapi?"

"Iko nyuma ya kijito."

"Mukubwa atapita hapa. Hatapita nyuma ya kijito."

"Basi ashuke mu gari," akasema jirani yetu, Mama Sifa, ambaye hakuwahi kuacha neno lidondoke, "tutamubeba ku mugongo mpaka kule. Iko muzito?"

"Mama!"

"Ninauliza tu, sitwayene. Kama iko muzito tutakuwa wawili."

"Na hii mistari," Koko akaendelea, watu walipokwisha kucheka, "ni juu ya nini? Mupunga haiko basoda ya kusimama mu mustari."

Hata agronomo alitabasamu kidogo. Kisha akakumbuka kazi yake na uso ukafungwa. Akasema amri ni amri.

Watu wakalima. Karibu kila nyumba ikakwangua kipande chake juu ya mawe, mistari imenyooka kwa kamba, mbegu ya Serikali ndani yake. Koko alilima vimistari vichache tu, kisha akaacha. Nguvu yake ilitosha shamba moja, naye alikuwa amekwisha kuchagua.

Mimi agronomo alinikuta nimekaa barazani, wewe mgongoni, nasoma kipande cha gazeti kilichofungiwa chumvi. Alisimamisha baiskeli.

"Unajua kusoma?"

"Na kuandika," nikasema.

Akanipa kaye yake niandike jina langu. Alitazama hati yangu kwa muda. "Sitwayene Feza," akasema, "unatoka shule gani?"

Hakuna aliyekuwa ameniita hivyo tangu niliporudi. Kijijini nilikuwa yule msichana aliyeharibikiwa. Sasa nilikuwa raia mwenye penseli. Nilianza kazi kesho yake. Yeye alipima na kutaja, mimi niliandika: jina, mita, idadi ya mistari, magugu, hali ya shamba. Jioni nilichora safu za kesho kwa rula. Nilikuwa na furaha ambayo naona haya kuikumbuka, kwa sababu ilikuwa furaha safi kabisa.

Tulifika mbele ya vimistari vya Koko siku ya tatu. Magugu yalikuwa yamefika magotini. Agronomo akaomba aonyeshwe shamba lingine, tukaenda nyuma ya kijito, tukavuka juu ya gogo. Mpunga ulikuwa umeanza kuchomoza masuke. Alisimama pembeni na mnyororo wake asijue pa kuanzia; mnyororo ulinasa katika maboga. Koko alitusalimu, akamkatia boga, akaenda zake kupalilia.

"Hii ni muchanganyiko," agronomo akaniambia kwa sauti ya chini. "Mu fomu hakuna mahali pa muchanganyiko." Kisha akasema, "Ni mama yako. Uandike vile unaona." Akanigeuzia mgongo, akawasha sigara, akatazama kijito.

Kwa miaka mingi nimemrudia mtu yule na sigara yake. Alikuwa amenifungulia mlango. Hakuweza kuandika kitu kingine kwa mkono wake, basi alikuwa ananiomba niandike mimi, naye asione. Ningeandika mita elfu tatu, mpunga, hali nzuri. Ingekuwa kweli! Lakini mimi nilidhani ananijaribu. Nilidhani anataka kuona kama msichana huyu aliyefukuzwa shuleni atasema uongo kwa ajili ya mama yake. Nikaandika kwa hati nzuri, bila doa: Hana shamba.

Aliporudi akasoma. Alifunga kaye akanirudishia penseli.

Baada ya majuma mawili polisi wa kolektivite, yaani wa tarafa, walikuja na orodha. Waliwachukua watu kumi na mmoja, wengi wao wanawake, pamoja na Mama Sifa, ambaye alitoka akiimba. Waliwekwa katika kasho ya sekta siku sita, mchana wakikata majani uani kwa ofisi. Siku sita si nyingi. Wapo waliokaa zaidi kwa makosa madogo kuliko hilo. Lakini umesoma mpunga, Yuma, na pengine hapa umekwisha kuelewa kabla sijaandika. Masuke yalikuwa na maziwa.

Mpunga wenye maziwa hauachwi hata nusu siku. Ndege wanaujua mwezi ule kuliko agronomo yeyote. Hutoka ng'ambo wakiwa wingu, hushuka, huminya punje na kunyonya, na kubakiza maganda. Ndiyo sababu kila mwanamke hujenga kibanda chake shambani na kulala huko, na kombeo, na debe la kugonga, na sauti yake.

Siku ya kwanza nilikwenda mimi. Tulifika kabla ya jua, wewe mgongoni. Niligonga debe mpaka viganja vikachubuka, nawe ulicheka kila nilipopiga kelele, ukadhani ni mchezo. Ndege hawakupata kitu siku ile. Saa sita mchana wa siku ya pili mtoto wa jirani akaja na ujumbe: agronomo anataka kaye inakiliwe upya, safi, mkubwa anapita Jumamosi, uje sasa hivi.

Nilisimama kwenye kibanda na ujumbe ule. Ningeweza kusema nina kazi. Nilijiambia kwamba ndege hawawezi kumaliza shamba kwa mchana mmoja. Nilijiambia kwamba nikinakili vizuri, pengine nitapata neno la kumwombea Koko. Hilo la pili nililitunga nikiwa njiani, nikakaribia kuliamini. Ukweli ni kwamba nilisikia neno "safi" nikaacha debe chini.

Nilinakili siku tatu.

Niliporudi nyuma ya kijito nilijua kabla ya kuvuka gogo. Mpunga uliojaa huinamisha kichwa. Ule ulikuwa umesimama wima, wote, mwepesi, unapepea. Sitiri ilikuwa imetangulia kuliko nyingine, basi ndege walianza nayo wakaimaliza. Nilitembea ndani yake nikiminya masuke, moja baada ya moja, kama mtu anayetafuta ufunguo katika mifuko ya nguo zote alizo nazo. Wewe ulikuwa umelala.

Jumamosi tulipangwa kando ya barabara kwa nyimbo. Vumbi likaonekana, kisha gari, kisha magari mengine mawili. Yalipita bila kupunguza mwendo. Nilimwona mkubwa kwa dakika ile moja: alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi kidogo. Agronomo alikuwa amesimama mbele yetu, ameishika kaye yangu safi kwa mikono miwili, ameinyoosha mbele. Vumbi lilipotua alikuwa bado ameinyoosha. Mpunga wa barabarani, ule uliolimwa kwa ajili ya dakika ile, ulitoa makapi.

Koko alirudi Jumatatu yake. Hakupita nyumbani, alikwenda moja kwa moja nyuma ya kijito, mimi nyuma yake. Alikaa chini mbele ya kibanda. Baadaye akauliza, bila kunitazama, "Nani njo aliandika jina yangu?"

"Agronomo," nikasema.

Akafikiri.

"Basi hana mama," akasema. Akasimama akaanza kukata mabua.

Hilo ndilo, mwanangu. Naona sasa kwamba limeenea katika kurasa chache tu.

Lakini halikuishia pale, na hii ndiyo sehemu inayokuhusu kama monitere. Mwezi uliofuata hapakuwa na mavuno ya kwanza. Yale mafungu juu ya meko ya mwaka uliopita tulikuwa tumekwisha kuyapanda, mapya hayakupatikana. Koko alikwenda kwa Mama Sifa kuomba mbegu ya Sitiri, naye alikuwa na ndege wale wale. Akaenda kwa ndugu zake karibu na Kibombo, siku mbili kwa miguu, akarudi na mbegu nyingine, ndefu, nyeupe, inayochelewa. Wachache waliobaki na Sitiri waliila, kwa sababu njaa ilikuwa mlangoni. Mwaka wa pili hakuna aliyekuwa nayo tena. Mbegu iliyolindwa na moshi tangu bibi wa bibi yake iliisha katika msimu mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa na penseli. Kuna miezi miwili ya mwaka ule nisiyoweza kukusimulia vizuri. Ulikuwa umeanza kusimama, ukaacha kusimama. Koko alikuwa akikutafunia viazi vya msituni na kukutia kinywani, huku akisema kwamba hana njaa.

Tangu hapo nimeona mengine, kama wewe. Wenye mashine za mpunga walifukuzwa nchini kwa kuwa ni wageni, maduka yao yakagawiwa watu waliojua kula na hawakujua kununua. Magari ya mavuno yakapungua. Vivuko vikaoza. Nimewaona wanawake wakikaa na vikapu vya mpunga kando ya reli siku nne wakisubiri mnunuzi aliyeahidi, kisha wakirudi navyo kichwani, mpunga umelowa na kuchipua. Walipofungua machimbo ya dhahabu, vijana wa kijiji chetu walikwenda wote huko kunakoitwa Kama kwa msimu mmoja, na mashamba yakabaki kwa akina mama na wazee. Na leo hapa sokoni Kindu, mji uliokuwa ukijaza mabehewa kwa mpunga wake, tunanunua mchele uliovuka bahari, kwenye magunia yenye maandishi tusiyoyasoma. Nimelifikiria sana lile neno lako, wavivu. Sijui utamwita nini mtu anayelima kwa ajili ya gari lisilosimama. Mimi ningemwita mtu aliyefundishwa na yaliyompata.

Wala sitaki udhani nasema Koko alijua kila kitu na ninyi hamjui kitu. Katika kipande changu hapa nyuma ya nyumba napanda kwa mistari, umeniona. Palizi ni rahisi kweli, na jembe halikati mizizi. Mistari haikuwa na kosa. Koko mwenyewe mwaka jana aliniuliza kamba ninaipimaje. Na ulipomwonyesha zile mbegu zako za kunde, ukamweleza kwamba zinarudishia udongo nguvu, uliona alivyozisogeza karibu na jicho lake moja linaloona bado. Alizipanda pembeni, kidogo, azitazame kwanza. Hivyo ndivyo anavyojifunza. Udongo wetu hapa ukichomeka mti wa ua unachipua majani. Nchi ya namna hii haikuumbwa kununua mchele. Naamini itabadilika, na siku nyingine naamini itabadilika kupitia watu kama wewe. Ndiyo sababu naogopa.

Naogopa kwa sababu huko Punia utakuwa peke yako. Mshahara utachelewa mwezi, kisha miezi mitatu. Utakuwa na njaa, na wewe ndiye mwenye kaye. Mtu ataleta kuku ili jina lake lifutwe, naye mwenye kuku ataonekana kwako mkulima mzuri, na asiye na kuku ataonekana mvivu. Haitakuja siku moja ukajisikia umekuwa mtu mbaya. Mimi sikujisikia. Nilijisikia msafi.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili tu, na ukiona hayafai uyaache. Lima shamba lako mwenyewe, hata dogo, kwa mkono wako, mahali watakapokuonyesha wenyeji. Hapo utakula bila kuku wa mtu, na utajua bila kuambiwa ni juma gani mpunga una maziwa. Na juma hilo, Yuma, hata amri itoke wapi, usimtoe mtu shambani mwake. Sema umeugua. Sema baiskeli imevunjika. Wewe unajua kusema uongo vizuri kuliko mimi. Ulinidanganya miaka miwili juu ya sigara.

Kaye yako uliyoniomba nikuchoree safu nimeimaliza, iko chini ya mashati. Nimeongeza safu moja ambayo ofisi haikuiagiza. Nimeiandika juu: Anasema nini. Ni pana kuliko nyingine. Mkubwa wako akiuliza, mwambie mama yako ni mzee, alikosea kupima. Lakini kabla ya kuandika kwamba mtu hana shamba, muulize, na ujaze safu ile kwa maneno yake, kama alivyoyasema.

Limebaki jambo moja. Jumapili ulipokwenda kumuaga, Koko alikushika kichwa kwa mikono miwili akasema, "Sasa hata sisi tuko na mutu yetu mu kaye." Wewe ulicheka. Mimi nilitoka nje. Katika miaka hii yote ameniuliza mara tatu habari za agronomo yule: kama yuko hai, kama alioa, kama alipata watoto. Huwa anauliza kwa upole, kama mtu anayetaka kusamehe asijue barua aitume wapi. Nami kila mara nimejibu kwamba sijui.

Kesho utavuka mto kwenda upande wako. Ukikwisha kuvuka nitakwenda stesheni. Treni ikiwepo nitapanda, isipokuwepo kuna baiskeli za mizigo za Kibombo. Nitafika kwake kabla ya jioni. Nitamwambia kwamba mtu aliyekuwa akimtafuta ni mimi. Nimekuandikia wewe kwanza nione kama maneno yanaweza kutoka, nayo yametoka, ijapokuwa hati yangu leo ina madoa.

Sijui atanijibu nini. Akinifukuza, nitakuandikia. Akinyamaza, nitachukua jembe nimfuate shambani mpaka atakaposema.

Nasikia sauti yako langoni, unabishana na mtu juu ya bei ya kuvuka. Nakunja hapa.

Mama yako,
Feza